Ndugu wa Masharubu

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Clotilda kaenda Rombo kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Kaniachia duka la mapazia na lochi wake wanne. Ni samaki wa rangi ya chungwa, wana milia myeusi na visharubu, na kutwa wanachokoa mchanga ndani ya tangi. Mke wangu anawapenda kupita kiasi. Kasema niwape chakula tu, nisiongeze kitu.

Nisiongeze kitu! Tangu tuoane hajawahi kuniambia, "Hillary, hapo umefanya vizuri." Akirudi Jumamosi atakuta lochi wake wana wenzao. Ataniambia tu!

Nimemuuliza Abdulrazak wa ghorofa ya chini. Naye anauza mapazia, naye ana tangi, tena kaliweka dukani, wateja wangu wanaishia hapo wakishangaa samaki. Kasema lochi wanataka wenzao wapole, wadogo, wa kuogelea juu, wasiowabughudhi kule chini. Kajitolea kuniagizia. Ili Clotilda amsifu yeye? Nimekataa kwa adabu.

Jumanne, 9 Septemba
Feri asubuhi, soko la samaki. Nimepata kasamaki kazuri, milia ya njano, kako hai kabisa ndani ya ndoo. Mvuvi kauliza nakapeleka wapi. Nikamwambia, tangini. Kacheka, kasema haka ni ka baharini, kanataka maji ya chumvi. Hilo tu? Chumvi ipo dukani kwa Mangi.

Nimemwaga chumvi. Lochi wakaanza kurukaruka kama wamekanyaga moto. Nimebadilisha maji yote, nimelowa mpaka soksi. Kasamaki kamekufa. Nimekakaanga na ndimu. Katamu.

Jumatano, 10 Septemba
Leo nimetumia akili za nyumbani. Mtu wa Rombo akija Kariakoo anafikia wapi? Kwa ndugu! Mimi mwenyewe nilianzia kwenye kona ya duka la mjomba, nikauza vifungo, na leo nina fremu yangu ya duka. Sasa ndugu wa lochi ni nani? Tazama visharubu. Kambare!

Mtaa wa Gerezani, nyuma ya gereji ya Augustino, kuna pipa la kambare. Kanipa mmoja, mdogo, bure. Nimemtia tangini. Kawasogelea lochi, masharubu yakagusana. Nimesisimka. Abdulrazak kapanda kuangalia, kashika kichwa, kaniomba nimtoe leo leo. Wivu ni ugonjwa.

Alhamisi, 11 Septemba
Lochi watatu. Nimehesabu upya. Watatu. Nimeinua kila jiwe. Nadhani mmoja karuka nje, kifuniko hakijakaa sawa. Nimekiwekea tofali.

Kambare anaendelea vizuri. Kanenepa.

Ijumaa, 12 Septemba
Lochi wawili! Tena wamelala ubavu, hawatikisiki. Nimelia. Sioni haya kuandika, nimelia kabisa, maana Clotilda anarudi kesho na sina la kumwambia. Nimemwita Abdulrazak tuwazike. Kagonga kioo kwa kidole, wote wawili wakaamka. Kumbe ndivyo wanavyolala!

Kasema atawatunza yeye mpaka shemeji arudi. Nimekubali shingo upande. Kawashusha kwa ndoo.

Jumamosi, 13 Septemba
Clotilda karudi na ndizi na pombe ya mbege. Kauliza lochi wako wapi. Nimemweleza kila kitu, chumvi, tofali, undugu. Kamtazama kambare tumboni muda mrefu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema alinipa neno moja tu la kushika, na hilo limenishinda.

Kisha kashuka kwa Abdulrazak. Nilisimama kwenye ngazi nikamsikia akimshukuru. Kamwambia amefanya vizuri sana. Sana! Lochi watabaki huko huko, yeye atakuwa anashuka kuwatazama. Imeniuma.

Jumapili, 14 Septemba
Clotilda kaenda misa ya kwanza bila mimi. Nimekwenda ya pili peke yangu. Padri alihubiri, mimi nikatafakari, na kabla ya sadaka kosa nikaliona. Lochi na kambare ni ndugu wa mbali mno! Wa mbali hawaelewani. Na sasa kambare kabaki mpweke, anazunguka tangi zima bila mtu wa kumsemesha.

Kesho asubuhi Gerezani. Ndani ya lile pipa nilimwona kambare mwingine, mkubwa, mdomo mpana kama bakuli. Ndugu wa damu. Atamlea.