Gari Lililoletwa Sebuleni

Lodwar,
14 Februari 1976

Kwa Shemeji Kipkemboi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi ni wazima, ila tunalala nje. Sababu ni lile gari lisilo na klachi ulilompa ndugu yako Shadrack. Kwa heshima zote nakuomba uje ulichukue, kwa haya yafuatayo:

1. Mwezi uliopita lilianza ukaidi: injini inanguruma, magurudumu hayaendi. Shadrack akasema mafuta ya giaboksi yameungua, lazima yabadilishwe. Sikupinga. Ila aliyamwaga kwenye karai la kumwogeshea mtoto, na sasa mtoto ananuka gereji.

2. Akasema vumbi likiingia giaboksi ikiwa wazi, gari limekufa. Upepo wa Lodwar unaujua. Akalifunika kwa chandarua chetu. Mbu wamefurahi sana.

3. Chandarua hakikutosha. Akabomoa ukuta wa sebule (nyumba ni ya serikali, Shemeji!), akalisukuma gari ndani, kitanda akakitoa nje. Jirani yetu Akiru, anayetuletea maziwa, akachungulia, akanisalimu kwa Kiturkana: "Ejok, mama. Hii gari imezaa?" Nikapokea maziwa.

4. Alipokwisha kutia mafuta mapya, akasema gari la namna hii hupimwa mafuta injini ikiwaka, baada ya kupitisha gia zote. Akaniketisha kwenye usukani. "Mama watoto, wewe kanyaga breki tu, hicho kijiti ukisogeze polepole." Nikasogeza. Gari likarudi nyuma, likapita na ukuta wa jikoni, likaenda kusimama mchangani karibu na mto Turkwel. Shadrack alibaki sebuleni ameshika kipimo cha mafuta, analia kwa furaha kwamba giaboksi imepona.

Shemeji, mume wangu ni mtu mwema, lakini kuta zilizobaki ni mbili. Njoo kabla hajakumbuka mafuta ya breki.

Msalimie mama, shangazi zako, na wote wanaolala chini ya paa.

Ni mimi shemeji yako mwenye masikitiko,
Sellah Jeptoo

N.B. Nimefungua tena bahasha. Tafadhali usije. Breki niliijua ilipo, na mguu ulikuwa juu yake. Sikutaka tu kuikanyaga. Gari lilikwenda laini mno! Nimefika Kakuma leo asubuhi, naendesha mwenyewe, Akiru kando yangu anaimba. Kesho tunajaribu njia ya Kaikor. Tutumie makopo mawili ya yale mafuta mekundu ya giaboksi, na juu yake uandike jina langu, si la Shadrack.