Miaka Sita ya Kusubiri Sehemu ya Pili

Jumatatu, 6 Mei

Zimebaki siku tano. Miaka sita nimeisubiri sehemu ya pili ya filamu niipendayo kuliko zote, na mwaka mzima nimeitangaza. Kila filamu niliyoitafsiri ukumbini niliimalizia kwa kusema kwenye maiki: haya ni maji ya kunawa tu, chakula kinakuja. Watu wamenawa hadi vidole vimekunjamana.

Ukumbi wa video ni wa shangazi, dada yake marehemu baba. Viti themanini vya plastiki, mablanketi madirishani, na meza yangu pembeni ya skrini. Nimekaa pale miaka kumi na moja nikigeuza maneno ya wageni yawe yetu. Sasa shangazi ameleta mtafsiri wa pili, mwalimu aliyeacha ualimu. Tunamwita Kasuku, kwa kuwa husema kile tu kilichosemwa. Stelingi, yaani shujaa wa filamu, akinyamaza, naye ananyamaza. Mimi stelingi akinyamaza ndipo kazi yangu inapoanza.

Shangazi ametoa hukumu. Jumamosi nitatafsiri mimi, Jumapili Kasuku, filamu ile ile. Atakayependwa atabaki na maiki. Mwingine atakaa mlangoni kukata tiketi. Nilimwambia sina wasiwasi. Akasema hicho ndicho kinachomtia yeye wasiwasi.

Jumanne, 7 Mei

Fundi simu wa jirani na ukumbi amenipatia filamu mapema kwenye flashi. Nikafunga mlango, nikakaa sebuleni na mke wangu. Sehemu ya kwanza tuliitazama pamoja, mwezi mmoja kabla ya ndoa.

Nyongo imenipasuka. Stelingi aliyebomoa gereza kwa mikono mitupu sasa anapanda maua. Ana kitambi. Binti yake amekufa kwa homa kabla filamu haijaanza, kwa hiyo hakuna hata adui mmoja wa kulipiziwa kisasi. Yeye na mkewe wanakaa jikoni. Mke anaongea, yeye anatazama dirisha. Filamu nzima ni hivyo, saa mbili na dakika kumi. Risasi imelia moja, tena haikuwa risasi. Ni tairi lililopasuka.

Nikamrudia fundi simu, labda kakosea. Akaapa ndiyo yenyewe.

Mke wangu alilia kuanzia katikati. Nilimpa pole, nikamwambia hata mimi nimeumia. Akaniuliza kama nimesikia yule mama wa jikoni alichokuwa akisema. Nikajibu nimesikia, nitambadilishia maneno. Akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumatano, 8 Mei

Mbinu imepatikana. Kasuku hajaiona filamu. Basi azomewe yeye, siku ya kwanza. Watu wakishakasirika, Jumapili naingia mimi na filamu ilivyopaswa kuwa. Nimeshaiandika, kurasa kumi na nne. Maua ni mabomu. Jikoni ni makao ya siri. Tairi, kwa kweli, ni kombora.

Kwa hiyo sauti imenikauka, kuanzia leo saa nne asubuhi. Nilimwandikia shangazi kwenye karatasi huku nimeshika koo. Alinitazama kama anavyotazama noti chakavu, kisha akakubali tubadilishane siku. Kasuku, maskini ya Mungu, alinipa pole na kuniletea ndimu tatu. Nimezipokea. Vita ni vita.

Alhamisi, 9 Mei

Ububu una raha yake. Mke wangu alinichemshia maji ya chumvi, akakaa kitandani upande wa miguuni, akasema afadhali leo nitasikiliza. Akaongea. Jinsi nyumba ilivyopoa. Ile mimba iliyoharibika mwaka juzi. Kwamba mimi kesho yake tu nilirudi ukumbini, na tangu siku hiyo sijaitaja.

Kichwani nilikuwa ukurasa wa tisa wa tafsiri yangu, pale stelingi anapofukua silaha bustanini. Kila alipotua nikaitikia kwa kichwa. Mwishowe akanipa kalamu, akaniomba niandike japo neno moja.

Nikaandika: Koo.

Jumamosi, 11 Mei

Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, skafu shingoni. Ukumbi ulijaa, wengine wakakaa sakafuni. Dakika ya ishirini safu ya mbele ikaanza miluzi. Fundi baiskeli mmoja akasimama, akauliza mapigano ni lini. Kasuku akamjibu kwenye maiki kwamba hata yeye hajui, wasubiri pamoja. Watu saba wakatoka. Niliwahesabu mmoja mmoja kwa moyo mkunjufu.

Kisha hakutoka mwingine. Mama wa jikoni alipomwambia mumewe, "Sikuombi umrudishe. Nakuomba useme kwamba alikuwepo," Kasuku alisema hivyo hivyo, taratibu, akanyamaza. Ukumbi mzima ukanyamaza naye. Fundi cherehani aliyekaa jirani yangu alifuta macho kwa utepe wa kupimia. Mke wangu alikuwa safu ya tatu. Hakugeuka kunitafuta.

Nimebaki na uchungu wangu peke yangu. Hiyo siyo filamu niliyowaahidi. Na bado wameishukuru, tena wamemshukuru Kasuku, utadhani yeye ndiye aliyeingoja miaka sita.

Jumapili, 12 Mei

Sauti imerudi, alhamdulillahi. Ukumbi ulijaa tena, ila kwa watu wale wale. Hilo sikulipanga.

Stelingi alipochuchumaa kupanda ua, nikanguruma kwamba anatega bomu. Fundi cherehani akasema kwa upole kwamba hapana, hilo ni la binti yake. Nikapandisha sauti. Nikasema jikoni kuna mpelelezi. Wakaanza kunisahihisha safu kwa safu, kama darasa linalomcheka mgeni. Tulipofika kwa yule mama, nikasema anamwambia mumewe achukue bunduki, adui yuko mlangoni.

Mke wangu akasimama. Hakupaza sauti.

"Sema alichosema," akaniambia. "Mara moja tu. Unakijua."

Nilikijua. Watu wote wale walikuwa wakinitazama, na maiki iko mkononi. Nikaangalia karatasi yangu, ukurasa wa kumi na moja, nikasema adui ameshaingia.

Akatoka. Shangazi akaja mezani, akafunika maiki kwa kiganja, akaniambia kuanzia kesho niko mlangoni. Filamu aliimalizia Kasuku.

Jumanne, 14 Mei

Asubuhi mke wangu alizungumza nami dakika ishirini hivi, wima, mkono kwenye mpini wa begi. Kwa tafsiri yangu: amechoka kidogo, anakwenda kwa dada yake kubadilisha hewa, na amenisamehe. Neno talaka lilitajwa mara mbili, ila nimelichukulia kuwa ni la kukolezea. Nilimbebea begi hadi stendi. Basi lilipoondoka alisema jambo dirishani. Watu waliosimama pale wakanitazama. Nikawaeleza kwamba ananikumbusha kula.

Mlangoni si pabaya. Kila anayeingia lazima apite kwangu. Na leo fundi simu amenionyesha tangazo la sehemu ya tatu. Itatoka baada ya miaka miwili. Kuna moshi, kuna helikopta, kuna daraja linaanguka. Stelingi anakimbia na kitambi hakipo. Hii sasa ndiyo yenyewe. Ile ya pili ilikuwa ya kupumzisha watu tu. Nimeshawaambia wote walionunua tiketi leo, na wawili ambao hawakununua.

Nimemtumia mke wangu ujumbe kwamba nitamwekea kiti. Hajajibu. Mtu asipojibu, amekubali.