Mtini wa Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Oktoba

Rimma kaondoka! Garimoshi la asubuhi, kusini, kutibiwa mgongo kwenye chemchemi. Wiki tatu nyumba ni yangu. Nimekabidhiwa funguo na mtini wa marehemu mama yake, ule wa chunguni unaoitwa benjamini. Mama mkwe aliupanda Rimma akiwa msichana mdogo, na tangu tuoane umekaa pembeni mwa sebule, matawi yananing'inia hadi sakafuni. Amri: maji kikombe kimoja udongo ukikauka, na usiusogeze. Stesheni kanishika mkono, macho yamelowa. Kasema, "Venya, ukiuharibu huo mti, utahamia shambani ukakae na viazi mpaka theluji iyeyuke." Kibanda chetu cha shambani! Upepo unaingia bila kubisha hodi.

Matusi hayo. Mimi, fundi mkuu mstaafu wa kiwanda cha siagi! Akirudi ataukuta umenenepa mara mbili.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeuhamishia dirishani. Mti unataka mwanga, hata mtoto wa chekechea anajua. Nimemweleza Kapitolina Yegorovna, jirani wa ghorofa ya chini, niliyemkuta akiufuta mtini wake kwa pamba. Anauweka pale ngazi zinapopinda, chini ya dirisha, ili kila anayepita aone wivu. Kasema benjamini hapendi kuhamishwahamishwa, atanuna. Halafu kwa sauti ile ya kunihurumia: "Na wanasema benjamini hufukuza wanaume nyumbani, jirani. Angalia." Nimemjibu kwamba wakurugenzi watatu walijaribu kunifukuza, wakaondoka wao.

Ijumaa, 11 Oktoba

Majani yanapukutika. Nimefagia ndoo nzima. Rimma kapiga simu, kauliza mama hajambo? Ndivyo anavyouita mti. Nimesema hajambo kabisa, anakusalimu. Nimeurudisha pembeni. Sishindwi na majani mimi!

Jumapili, 13 Oktoba

Pembeni nako unapukutika! Nimeupeleka jikoni, upate mvuke wa supu ya kabichi. Kisha nimeyafuta majani kwa bia ili yang'ae, kama walivyofanya bibi zetu. Majani machache, chupa kubwa. Iliyobaki sikuitupa.

Jumatano, 16 Oktoba

Mji umefungulia maji ya moto kwenye mabomba ya kupasha joto nyumba zote. Jengo zima linashangilia, watu wamevua masweta. Na mtini wangu ubavu umeegemea bomba la jikoni! Nilipoamka ulikuwa fimbo zilizosimama kwenye chungu.

Nimeketi mbele yake. Kila asubuhi Rimma huusalimia kabla hajanisalimia mimi. Nikaona aibu. Nikachukua ufagio.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimepata! Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba mmea wa kupewa, ukishasema asante, hufa. Wa kuiba ndio unaostawi. Kapitolina mwenyewe hujisifu kwamba mtini wake ni kijiti alichokinyofoa kwenye dirisha la daktari wa meno. Basi kosa langu liko wazi: nimekuwa mwaminifu mno. Kesho ni siku yake ya kwenda zahanati kupimwa presha na kugombana kwenye foleni.

Ijumaa, 18 Oktoba

Tayari! Fimbo zangu zimeshuka ngazini, kichaka chake kimepanda kwangu. Vyungu vya urembo vya nje nimevibadilisha pia, kila mti ukae kwenye chungu cha mwenzake, sikusahau kitu. Mgongo sasa unaniuma kuliko wa Rimma.

Kapitolina karudi. Nikategemea mayowe. Nikatoka na ndara zangu, nikasikitika kwa ufasaha, nikalaumu upepo wa mlangoni. Kaniangalia muda mrefu, macho hayapepesi. Kasema, "Maskini, amepatwa na nini? Acha akae hapo hapo. Simgusi. Ataamka mwenyewe akitaka." Nimecheka mpaka nikafika kwangu. Uvivu ulioje!

Jumanne, 22 Oktoba

Mpya nao unapukutika!! Nimeujaribu dirishani, pembeni, jikoni, hata bafuni. Wapi! Nimeibiwa. Yaani nimeiba mti mbovu, na sijui pa kumshitaki mwenye nao.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimeshuka na taka. Zile fimbo pale ngazini zimechipua! Kila tawi lina vijani vidogo vya kijani kibichi. Na Rimma anafika kesho!

Mpango: kuzirudisha mara moja. Lakini Kapitolina kaweka kigoda hapo tangu asubuhi, anafuma soksi. Kasema mgonjwa anahitaji mtu wa kukaa naye. Nimepita na ndoo tupu mara nyingi kuliko heshima yangu inavyoruhusu. Kila nikipita ananitakia afya njema. Anajua! Mwanamke huyu anajua!

Jumapili, 27 Oktoba

Rimma hakufika hata mlangoni. Pale ngazi zinapopinda alisimama, akaweka mkoba chini, akapapasa shina mahali lilipopinda. Hapo ndipo lilipovunjika zamani, mama yake akalifunga kwa utepe wa nywele wa Rimma. Mimi sikuwahi kuliona. Miaka yote hiyo, sikuwahi!

"Mama," kauambia mti, "nani kakutoa nje?"

Kapitolina kasimulia yote, na chumvi kaongeza. Rimma hakufoka. Kalia tu, kashika tawi. Ningependa afoke. Nimesema nisamehe, na nilisema kwa moyo, mpaka Kapitolina alipoanza kutikisa kichwa. Hapo nikapandwa na hasira, nikasema kama si mimi mti usingepata hewa safi ya ngazini.

Hukumu imetoka: mti wa mama unabaki pale ulipo mpaka majira ya kuchipua, asiuguse mtu. Fimbo zilizobaki za mti wa Kapitolina ni jukumu langu. Nitazitunza shambani, na sitarudi mpaka zivae majani. Rimma kanifungia soksi za sufu kwenye furushi, lakini hakuniangalia usoni.

Jumatatu, 28 Oktoba

Shambani. Viazi, mimi na benjamini wa Kapitolina. Pumzi yangu inaonekana. Wanawake wote wawili waliniaga kwa maneno yale yale: chagua mahali pamoja, weka, kisha mikono mfukoni.

Mikono mfukoni! Ndiyo maana dunia haiendelei. Sasa nimeuelewa mti huu kuliko wao. Haukatai kuhamishwa, unakataa kubebwa vibaya, kwa kutikiswa. Asubuhi utakaa dirisha la mashariki, mchana la kusini, jioni karibu na jiko, na hautatikisika hata kidogo, kwa sababu nimeutengenezea kigari. Magurudumu yanazunguka vizuri mno. Nimeyang'oa kwenye kikapu cha Rimma cha kukokota sokoni, na hatagundua.