Maswali ya Adabu kwa Wagonjwa wa Mtaa wa Chini

Jumatatu, 3 Machi
Shajara yangu mpendwa, pokea salamu za heshima, na uniwie radhi kwa kukunyamazia tangu Alhamisi. Huzuni ilinishika. Kati ya zahanati mbili za kata itabaki moja, kule penye wagonjwa wengi. Fomu za ofisi hazijafika. Afisa wa takwimu amesema kila mtaa utunge maswali yake ya kuhesabu wagonjwa. Mtaa wa chini nimepewa mimi. Wa juu, shemeji yangu fundi cherehani, kaka wa marehemu mke wangu. Yetu ikifungwa, ni kilima kizima hadi kwa mwuguzi anayenipima presha, na magoti yenyewe haya. Lakini shemeji hakusoma misheni. Nitamshinda kwa utunzi.

Jumatano, 5 Machi
Swali moja, rasimu tisa. Kumvamia mtu kwa habari za kuharisha ni ufidhuli. Nimeandika: "Samahani kwa usumbufu. Natumaini, kwa neema ya Mungu, humu hakuna aliyeugua?" Limekaa vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Kaya arobaini. Wagonjwa wawili, mmoja mimi. Mama muuza mkaa alikohoa hadi akashika mlango, kisha akasema hakuna, baba, tunashukuru. Nikaandika hakuna. Ningembishiaje mwanamke nyumbani kwake? Shemeji husimama barabarani na kuuliza nani kaharisha humu. Amepata sitini na mmoja. Aliposoma swali langu alicheka hadi akakaa chini. Akasema, "Shemeji, wewe huulizi ugonjwa, unapeleka posa."

Jumatatu, 17 Machi
Yetu imefungwa. Barua ya afisa inaupongeza mtaa wa chini kwa afya njema. Wamebeba hata benchi alilokalia marehemu mke wangu akingoja dawa. Mama muuza mkaa alinikuta nimesimama pale. Hakunilaumu. Aliuliza tu, kati ya vikohozi, sasa twende wapi. Nilimwomba radhi. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Jumanne, 18 Machi
Afisa atapokea malalamiko hadi Ijumaa, kila kaya fomu yake. Nimelichunguza kosa langu usiku kucha. Swali lilikuwa kavu mno. Jipya: "Mheshimiwa, niwie radhi kwa mara nyingine. Bila shaka kilima hakikusumbui?" Nimenakili arobaini kwa mwandiko wa misheni. Ya kwanza nimejijazia mwenyewe: "Hata kidogo, nashukuru." Ofisi iko juu kilimani na magoti yamegoma; zikijazwa, atakayezipeleka ni shemeji. Amelisoma swali mara mbili, akanisihi nisibadili hata nukta.