Visanduku Pacha vya Mhandisi

Mhandisi, ambaye uhandisi wake wote ulikuwa kufungua vitasa vya watu, alipata elimu ya juu akiwa kwenye kiti cha kinyozi. Redioni mtaalamu alikuwa akieleza habari za chembe pacha: moja unampa mwenzako, moja unabaki nayo; ukiigeuza yako kwa mojawapo ya njia nne, chembe hiyo moja inabeba majibu mawili ya ndiyo au hapana. Kinyozi alipomkung'uta nywele shingoni, Mhandisi akainuka. Kipindi kilikuwa hakijaisha, lakini msomi wa aina yake asubiri nini?

Jumatatu alikuwa mbele ya cherehani ya mama mmoja mjane, mshona sare za shule. Alichokimezea mate ni pikipiki ya marehemu, kitu pekee mama alichoachiwa, iliyokuwa imehifadhiwa dukani kwa dada yake, muuza vitambaa, ng'ambo ya mji.

"Visanduku viwili kwa pikipiki moja, mama. Kimoja nimeshamwachia dada. Zungusha kitufe: juu, ndiyo na ndiyo. Kulia, ndiyo na hapana. Kushoto, hapana na ndiyo. Chini, hapana zote mbili. Kwake inawaka taa ya upande huohuo."

Mama akazungusha kulia. Papo hapo dada akapiga simu: taa ya kulia imewaka. Kwamba simu hiyohiyo ingetosha, hakuna aliyelitaja. Sayansi haipendi kuingiliwa.

"Imefika bila kubebwa?" mama akauliza.

"Bila waya, bila mtu!"

"Alhamdulillahi. Lakini mwanangu, mimi redio niliisikiliza mpaka mwisho. Yule baba alisema chembe yako lazima ibebwe ikamkute pacha wake, ndipo isomwe. Nibebee basi, twende kwa utaratibu."

Mhandisi nusura acheke. Anatumwa mwenyewe kwenye pikipiki!

Mama akamwambia dada kwenye simu, kwa sauti: "Swali la kwanza, kijana huyu mkweli? La pili, apewe ufunguo? Jibu linakuja." Akakipa kisogo kiti cha mgeni, akazungusha kitufe, akakishonea kisanduku ndani ya kipande cha kaki, mshono mara mbili.

"Ukichungulia njiani ujumbe unaharibika, sivyo?"

"Ndivyo kabisa, mama," akasema Mhandisi, maana angesema nini?

Akavuka mji akipiga mluzi, kaki kwapani, moyoni akiwa ameshapanda pikipiki na kupotea. Mlangoni kwa dada akakuta wapagazi wanne wamekaa juu ya majora ya vitambaa, wakimwangalia kwa upendo wa kutisha.

"Shikamoo dada. Nimeleta jibu."

"Marahaba. Jibu limekutangulia, baba. Taa ya chini imewaka tangu hujavaa viatu."

Mhandisi akageuka. Wapagazi hawakuhitaji kugeuka. Walikuwa pande zote.

Dada akakata mshono kwa mkasi, akafungua kisanduku, akatoa simu kuukuu iliyobandikwa kwa gundi. Akampigia mdogo wake.

"Amefika. Ni simu tupu humu ndani. Ulijuaje?"

"Kitu cha kweli lazima kibebwe," akajibu mama, cherehani ikiendelea kunguruma. "Chake kilikuwa kizuri kupita ukweli. Simu zake apewe. Ila kabla hajaondoka, mkalishe hapo karibu na redio. Kipindi kinarudiwa saa kumi, asikilize mpaka mwisho."