Ubao, Mstaarabu na Mheshimiwa

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamua. Nanunua gitaa jipya la besi, tena la bei ya juu, na mke wangu ndiye atakayelichagua, bila kujua kwamba nimeshamchagulia. Mpango umekamilika. Hauna tundu hata moja.

Chanzo ni mpiga solo wetu. Jana, tukikunja nyaya baada ya harusi, alitangaza mbele ya bendi nzima kwamba besi haisikiki, na kwamba hata nisipotokea hakuna atakayeuliza niko wapi. Wakacheka wote. Hata mpiga ngoma, ambaye nilikuwa nimembebea ngoma zake! Nikacheka na mimi. Ningefanyaje?

Shida si mimi. Shida ni gitaa langu. Bei ya chini kabisa, mkono wa pili, zito kama mlango. Naliita Ubao. Shingo imepinda. Funguo za kukazia nyuzi zinalegea zenyewe. Ukimchomeka kwenye spika ananguruma kabla hujamgusa. Nani atasikika akiwa na kitu kama hicho?

Lakini nyumbani kwanza lazima tukubaliane. Mke wangu yuko kitandani kwa amri ya daktari, mimba ya miezi minane. Ile ya kwanza haikufika huku. Hatuizungumzii. Kila asubuhi anaweka mkono tumboni na kusubiri. Mtoto akicheza ananiambia kacheza, nami nakwenda kazini. Asipocheza upesi nachelewa, na bosi alishaacha kuuliza.

Jumanne, 5 Machi

Ushindi!

Nauza magodoro. Ng'ambo ya barabara kuna duka la ala za muziki, na mwenyewe analia mgongo mwaka mzima. Leo nimemvukia na pendekezo: yeye achukue godoro letu la maonyesho, la bei ya juu, akalijaribu wiki moja. Mimi nichukue magitaa yake mawili ya besi, nikayajaribu wiki hiyo hiyo. Alinitazama juu mpaka chini, akashika kiuno, akakubali.

Sasa nina matatu. Ubao, bei ya chini. La pili, bei ya kati, jekundu, shingo imenyooka, funguo zinatulia ulipoziacha, halina kelele wala majivuno. Nimeliita Mstaarabu. La tatu, jamani! Jepesi, limeng'arishwa mpaka unajiona meno, na ndani lina betri. Gitaa lenye betri! Huyo ni Mheshimiwa. Bei yake niliisoma mara moja nikageuza kibandiko.

Bosi hajui kuhusu godoro. Nimetandika shuka pale lilipokuwa na kuweka mito juu.

Jumatano, 6 Machi

Maandalizi. Nimemvalisha Mheshimiwa nyuzi mpya. Ubao nimemwachia zile zile za zamani, zenye jasho la harusi za miaka mitatu, na uzi mmoja nimeulegeza kidogo. Huo si udanganyifu. Ni kusaidia ukweli utoke haraka.

Spika hairuhusiwi nyumbani sasa, kwa hiyo napiga kavu. Besi ya umeme isipochomekwa haina sauti ya maana, mpaka uegemeze taya kwenye ile pembe ya juu. Hapo mbao inakuimbia ndani ya kichwa. Taya langu lina alama. Mama mkwe, aliyekuja kumwangalia binti yake, alinikuta nimelala shavu juu ya Mheshimiwa, macho nimefumba. Akauliza kama naumwa jino. Nikasema ndiyo. Akaniletea maji ya chumvi, na ikabidi nisukutue.

Alhamisi, 7 Machi

Jaribio. Mambo hayakwenda.

Siri ya kazi yangu ni hii: mteja mlaze kwanza kwenye godoro bovu, kisha kwenye zuri kabisa, mwisho kwenye la kati. Akifika la kati anajigeuza, anasikia karaha, anarudi mwenyewe kwenye la bei ya juu. Sijawahi kushindwa. Basi nikapanga hivyo hivyo: Ubao, Mheshimiwa, Mstaarabu. Mke wangu nikamlaza kwa ubavu, macho amefumba. Kila gitaa niliegemeza mgongo wake kwenye tumbo la mke wangu, polepole, nikapiga wimbo ule ule mmoja. Mama mkwe alikuwa jaji wa pili, ameinamisha sikio.

Mke wangu alifumbua macho kabla sijamaliza. Akasema mpangilio huo anaujua. Ndivyo nilivyomfanyia siku ile ya kwanza alipoingia dukani kutafuta godoro. Nikabisha. Akanikumbusha alinunua lipi. Kweli, alinunua la bei ya chini, na ndilo alilokuwa amelalia wakati huo.

Kisha hukumu. Mama mkwe alisema Mstaarabu hana kosa, Mheshimiwa analia kama vijiko kwenye droo, na Ubao anasikika kama mtu mzima anayeongea chumba cha pili. Nyuzi mpya hizo! Nimejichimbia shimo mwenyewe. Mke wangu alisema hana la kuongeza ila kwamba mtoto alitulia kwa Mheshimiwa, alitulia kwa Mstaarabu, lakini kwa Ubao alipiga teke. Nikasema hilo teke ni la kukataa. Akasema mateke anayajua yeye. Nikasema mtoto hajafikisha umri wa kupiga kura.

Wakacheka mpaka mama mkwe akamkataza mwanawe asicheke sana. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Nilisahau kukasirika.

Jumamosi, 9 Machi

Sina hamu.

Nilimpeleka Mheshimiwa harusini. Nilisema moyoni, leo mpiga solo atanitambua. Nimevaa shati la pasi. Nimesimama mbele kidogo kuliko kawaida. Wimbo wa kwanza, moto! Wa pili, sauti ikaanza kukwaruza, ikafifia, ikakata kabisa. Betri. Nani huweka betri ya akiba kwa ajili ya gitaa? Nikaona aibu kusimama. Nikaendelea kuchezesha vidole na kutikisa kichwa.

Watu wakaendelea kucheza. Bwana harusi akacheza. Shangazi zake wakacheza. Hakuna aliyegeuka. Niliimaliza harusi yote bila kutoa sauti hata moja, na mwishoni mpiga solo akanipiga begani akasema leo nimepiga vizuri, sikuwafunika wenzangu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu aliniuliza ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa nzuri. Akanishika mkono.

Jumapili, 10 Machi

Leo nitaandika yote.

Asubuhi mke wangu aliweka mkono tumboni kama kawaida. Akasubiri. Nikasubiri mlangoni. Akageukia ubavu wa pili, akanywa maji ya baridi, akasubiri tena. Hakusema kacheza. Alinitazama tu, na nikaona macho yale ya mwaka jana. Niliogopa. Niseme wazi, niliogopa sana.

Nilitaka kumchukua Ubao nijaribu. Mama mkwe akanikata jicho, akasema hapa hakuna kujaribu kitu, tunakwenda hospitali sasa hivi, mwanaume chukua begi la uzazi. Nikachukua begi. Lilikuwa nyuma ya mlango, pale pale lilipopangwa tangu mwezi jana. Mlango wa teksi ulikataa kufunga, nikaigombeza teksi. Njia nzima nimelikumbatia begi, kitu kinanichoma shavuni, wala sikujiuliza ni nini.

Mkunga alikuwa mpole. Alimlaza, akampaka mafuta tumboni, akaweka kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto. Kimya. Akakisogeza. Kimya. Akakisogeza tena, na chumba kizima kikajaa mapigo ya moyo. Ya haraka, ya haraka kuliko wimbo wowote tunaoupiga! Mpiga ngoma wetu asingeyaweza. Mama mkwe alikaa chini. Mke wangu alilia, nikalia, mkunga akasema moyo uko vizuri, ila tusitoke kwanza, anataka kumwona mtoto akicheza. Akaniomba kanga za kumfunika mama.

Nikafungua begi. Ubao.

Begi la uzazi na begi la gitaa, yote mawili meusi, yote nyuma ya mlango! Nilitamani sakafu inimeze. Mama mkwe akatoa simu kumpigia jirani alete kanga. Mkunga alitazama gitaa, akanitazama mimi, akauliza kama nilikuwa na mpango wa kutumbuiza wodini.

Ni mke wangu aliyesema nimlete Ubao hapo. Kwa sauti ya chini kabisa, machozi bado hayajakauka. Mkunga akasema si mbaya, mradi napiga taratibu na kile kifaa kinabaki mahali pake. Nikaegemeza mgongo wa Ubao kwenye tumbo. Nikapiga uzi mnene, peke yake, ule wenye jasho la harusi. Ukanguruma. Hakuna kitu. Nikaupiga tena.

Teke! Si teke la kuhadithiwa. Gitaa zito kama mlango liliruka mkononi mwangu, nililiona kwa macho yangu, na mkunga aliliona. Kisha la pili, kisha mtoto akaanza kujigeuza, tumbo zima linatembea. Mkunga aliandika huku anacheka. Mke wangu aliufunika mkono wangu na wake juu ya nyuzi, akasema besi haisikiki, eti? Kumbe aliyajua yote, ya mpiga solo na ya jana. Sijui nani kamwambia. Nadhani uso wangu.

Wametuweka mpaka jioni, kisha wakaturuhusu, na agizo la kurudi mara moja mtoto akituliatulia tena. Kanga alileta jirani.

Jumanne, 12 Machi

Nimewarudisha Mstaarabu na Mheshimiwa. Nimemwekea Mheshimiwa betri mpya, tusije tukalaumiana.

Mwenye duka la ala hakutaka kurudisha godoro. Anasema mgongo umepona, anafungua duka akiwa amechelewa na hajali. Amelinunua! Bosi, ambaye kumbe alikuwa ameshaona mito yangu na alikuwa ananisubiri, amenipongeza kwa mbinu mpya ya mauzo. Anataka tuifanye kwa barabara nzima.

Mke wangu naye ameniambia ninunue gitaa ninalotaka, hata Mheshimiwa, taratibu taratibu tutalimudu, ila Ubao asitoke ndani ya nyumba hii. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Ruhusa ile niliyoipangia wiki nzima, nimepewa bure. Nikasema basi tu, Ubao anatosha. Akanibusu kwenye alama ya taya.

Ijumaa, 12 Aprili

Binti! Kazaliwa juzi kati, mwekundu, mwenye hasira, mapafu ya mpiga tarumbeta. Mama yake mzima. Mama mkwe anatembea nyumba nzima akimwimbia na kusema pua ni ya kwao.

Akilia, hakuna kinachomtuliza ila kitu kimoja. Tunamlaza kifuani kwa mama yake, namweka Ubao pembeni, mgongo wa gitaa unagusa miguu yake, napiga uzi mnene taratibu. Ananyamaza. Anafumbua macho na kusikiliza, kama anakumbuka. Mpiga solo alikuja kutoa hongera, akaona mwenyewe. Aliponiaga alisema tukikutana Jumamosi nisimame karibu na spika.

Asubuhi mke wangu bado anaweka mkono, sasa kwenye tumbo la mtoto. Anasubiri. Ananiambia kacheza. Kisha nakwenda kazini.

Leo, kabla sijatoka, mtoto alishika uzi wa Ubao kwa kidole kimoja. Akaushika kweli kweli, hakuuachia! Vidole virefu. Nikamwonyesha mama yake. Akasema ndivyo watoto wanavyoshika kila kitu. Sikubishana naye. Nimepita duka la ala. Kuna magitaa ya besi ya shingo fupi, ya mikono midogo, na yapo ya bei ya chini, ya kati na ya juu. La juu halina betri, nimehakikisha. Mwenye duka anasema mke wake sasa analia mgongo upande wake wa kitanda.

Safari hii nitaanza na la kati, kwa sababu ule mpangilio wa kwanza mke wangu anaujua. Mpango umekamilika. Hauna tundu hata moja.