Kalamu ya Kuandikia Dawa

Jumatatu, 8 Septemba
Mji wetu wote wa Socorro wanukia pilipili za kuchoma. Daktari wa akili aliye karibu yuko Albuquerque, na foleni yake imefika Krismasi. Mimi niko hapa hapa! Mwanasaikolojia, nimesomea dawa, nimefaulu. Sheria ya jimbo letu la New Mexico yaniruhusu kuziandikia wagonjwa, mradi msimamizi wangu, Dakta Altagracia, aridhie kila kidonge. Hajaridhia hata kimoja. Asiponipitisha, kibali changu kinakufa. Jioni nimesimama nje ya duka la dawa kama mchumba aliyekataliwa posa.

Zamani nilihubiri kuwa vidonge ni mkongojo. Sikuwa na kibali wakati huo.

Jumanne, 9 Septemba
Mtu wa kampuni ya dawa kaja na enchilada, chapati za mahindi zilizojaa jibini, na kalamu yenye jina la kidonge cha usingizi. Nzito, ya buluu. Dakta Altagracia kakataa vyote viwili, eti anataka akili yake ibaki yake. Nikamwambia mimi sinunuliki. Akanitazama mdomo. Ulikuwa umejaa jibini.

Alhamisi, 11 Septemba
Bi Eufemia, mjane tangu Machi, halali. Huyu ndiye atakuwa mgonjwa wangu wa kwanza wa dawa! Nikashika kalamu tayari. Akaanza habari za marehemu, alivyounguza pilipili uani kila mwaka na kuusingizia upepo. Nikangoja anyamaze nimtajie kidonge. Wapi! Kalia, kacheka, kaniita mwanangu, kaenda zake.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimepeleka ombi la kidonge cha Bi Eufemia. Dakta Altagracia kauliza huyo mama hunywa kahawa kiasi gani, na anameza dawa gani nyingine. Sijui! Akauliza tena: Eloy, anayeumwa ni yeye, au ni wewe unayeumwa na hamu ya kuandika? Swali la kitoto. Kaniambia nikamsikilize kwanza.

Nimekaa garini, nikajaribu sahihi yangu kwenye karatasi iliyofungia burito, chakula changu cha mchana. Ilipendeza mno. Nusura nilie.

Jumatatu, 15 Septemba
Bi Eufemia kaleta tamale za unga wa mahindi, kazipika mwenyewe. Analala! Eti tangu amtaje mzee wake kwa sauti, kifua kimekuwa chepesi. Kaniambia, mwanangu, dawa yako ni masikio. Dakta Altagracia kafurahi, ataendelea kunisimamia. Asema sasa nimeelewa.

Nimeelewa kabisa. Siku ile nilishika kalamu muda wote. Haikuandika hata nukta, na mama kalala. Je, ikiandika?

Nimempigia yule wa kampuni. Aniletee nyingine, nyeusi.